Kilio cha Nyumba ya Rwezaura

Kilio cha mapema humzika mzima. Mmemsikia Ma Kemilembe akimwambia jirani yake maneno hayo kisimani, na sasa mmenijia wote watatu mnataka kujua yalitoka wapi. Haya, kaeni. Chukueni visu mmenye hizo ndizi, maana mimi sisimulii watu waliokunja mikono.

Methali hii ilianza hivi.

Mama yangu alikuwa bado msichana. Watu wa kilima chetu walikuwa wameanza kuacha misonge ya nyasi na kujenga nyumba za matofali mabichi. Mwenye nyumba ya matofali alionekana ameendelea, basi kila mtu akataka yake. Hakuna aliyejiuliza ukuta ule mzito ungefanya nini siku ardhi ikikataa kutulia. Rwezaura naye alijenga. Alimwoa Byera, na akaishi naye humo pamoja na mama yake, Kokuhumbya.

Kokuhumbya alikuwa na ulimi, sitawaficha. Byera alipojifungua mtoto wao wa kwanza, alikaa ndani siku kumi na mbili, kama ilivyo desturi ya mzazi. Siku ya kumi na tatu mama mkwe akaamka vibaya. Akasimama mlangoni, majirani wakimsikia, akasema, "Kwani wewe umezaa mfalme? Tangu ulale hujagusa hata chungu." Byera alimkumbatia mtoto wake. Kokuhumbya akabeba jembe, akaenda kupalilia maharage na wenzake.

Alasiri ardhi ikatetemeka. Mama yangu alisema kwanza ulisikika mngurumo chini ya miguu, halafu migomba ikayumba bila upepo, na watu waliokuwa wamesimama wakajikuta wamekaa. Walipoinua macho, kilima kizima kilikuwa vumbi. Misonge mizee ilikuwa imeinama lakini imesimama. Nyumba za matofali zilikuwa zimelala chini.

Kokuhumbya alifika nyumbani mbio. Chumba cha kulala, alimomwacha Byera na mtoto, kilikuwa chungu ya udongo. Hapo akapiga ukemi, ule ukelele wa kuita watu.

Lazima mwelewe desturi yetu. Ukemi wa msiba ukipigwa, kila anayesikia anaupokea, na akishaupokea haachi mpaka mkuu wa ukoo aseme basi. Anayenyamaza msibani hutazamwa vibaya. Watu hujiuliza huyu amefurahia nini, na wengine hawaishii kujiuliza. Basi majirani waliokuwa hawajaumia walikuja, wakaupokea. Akaja Rwezaura, akaanguka chini akalia. Akaja dada yake Byera, akalia kwa kujitupa. Watu zaidi ya thelathini walikizunguka kile kifusi, na hakuna aliyeinua tofali hata moja, kwa sababu nani atakayekuwa mzima chini ya mzigo kama ule?

Aliyelia kuwashinda wote alikuwa Kokuhumbya. Maneno yake ya asubuhi yalikuwa yanamchoma. Alilia kwa nguvu mpaka sauti ikamkauka kabisa. Alifungua kinywa, kisitoke kitu. Na katika kule kukaukiwa akasikia kitu kinagonga.

Akamshika mwanawe bega. "Rwezaura, kuna mtu anagonga. Waambie wanyamaze."

Rwezaura alimtazama kwa macho mekundu. "Mama, asubuhi umemtukana. Hebu leo tu mlilie mke wangu."

"Nakuambia nimesikia."

Dada yake Byera alikuwa karibu. "Mwacheni," alisema. "Amechoka kulia mapema. Angekuwa binti yake asingechoka."

Watu wakaanza kumtazama. Wengi waliusikia ule ugomvi wa asubuhi, na sasa huyu mama mkwe ndiye anayetaka kilio kikome. Kokuhumbya aliyaona macho yao na alijua maana yake. Akawapita, akaenda akapiga magoti mbele ya Katabaro, mkuu wa ukoo.

"Tata, baba yetu, wanyamazishe," alisema kwa ile sauti iliyokwaruza. "Tusiposikia kitu, semeni mimi ndiye niliyemroga. Nitafunga mzigo wangu leo hii, wala sitarudi kuzikwa hapa."

Katabaro aliitazama fimbo mkononi mwake. Tangu azaliwe hakuwahi kukatiza kilio kabla ya kaburi kuchimbwa, na baba yake vilevile. Mwishowe akainua fimbo yake juu. Waliokuwa mbele wakanyamaza, kisha wa nyuma, na akina mama wakawaziba watoto vinywa.

Hapakusikika kitu. Mama yangu alisema alihesabu pumzi zake mwenyewe. Dada yake Byera akamgeukia Kokuhumbya, na kabla hajatamka neno, kikasikika: ngo, ngo, ngo. Chuma kwenye jiwe. Hakikutokea chumbani walikokuwa wanalilia. Kilitoka nyuma, jikoni.

Walichimba kwa majembe, na walipokaribia wakayatupa wakachimba kwa mikono. Boriti ya mlango ilikuwa imeangukia mafiga ikaacha nafasi ndogo, na Byera alikuwa amejikunja humo, mguu umevunjika, sufuria mkononi. Alikuwa ameamka kupika. Alitaka mama mkwe akirudi akute chakula.

Mtoto alikuwa kifuani pake, amefungwa kwenye kanga. Mwili ulikuwa na joto bado, lakini pumzi haikuwepo.

"Alilia sana huyu," Byera alisema. "Alilia mpaka akachoka. Mlikuwa wapi?"

Kokuhumbya ndiye aliyesema, "Tulikuwa hapahapa, mwanangu. Tulikuwa tunakulilia."

Wakati huo ukemi mwingine ulikuwa unatoka juu, nyumbani kwa jirani, Ndyanabo, na watu wameanza kuupokea. Kokuhumbya akainuka na udongo wake mwilini, akapanda kilima. Alifika akasimama katikati ya waombolezaji na kuwaambia, "Kilio cha mapema humzika mzima. Nyamazeni kwanza." Walinyamaza, maana Katabaro alimfuata nyuma na fimbo yake. Kabla jua halijazama walitoa watoto wawili, hai. Wakaenda nyumba ya tatu, wakanyamaza, wakasikiliza sana, hawakusikia kitu. Huko ndiko walikolia.

Kesho yake walimzika mtoto wa Byera. Mama aliniambia kilio kilikuwa kikubwa, cha wanaume na wanawake, na kila mmoja alijua analilia nini. Kokuhumbya peke yake hakutoa sauti, kwa kuwa hakuwa nayo. Aliketi karibu na Byera akauweka ule mguu uliovunjika mapajani pake, machozi yanamtiririka. Safari hii hakuna aliyemtazama vibaya.

Byera akamshika mkono. "Mama," alisema, "wewe ulinyamaza, ukanisikia."

Basi mkiwasikia watu wazima wakilitamka neno lile, msidhani wanamkataza mtu kulia. Wafu wetu tunawalilia, na tutawalilia. Lakini tunasikiliza kwanza. Kilio cha mapema humzika mzima.