Upenyo wa Oyone

Sogeeni karibu, na anayesinzia afinywe! Huko Japani ya kale paliishi fundi Oyone, aliyepamba mitungi ya shaba. Kila picha aliizungushia uzio wa waya mwembamba, akaujaza unga wa kioo cha rangi, akauchoma tanurini mara tatu. Uzio wake haukuacha upenyo hata wa sindano.

Siku moja zimwi likamletea mtungi wa uchawi. "Mtungi huu haupendi kukaa mtupu. Mchore binti yako Sayo. Moto wa tatu ukipoa, atanasa humo, awe wangu. Ukikataa, nawameza wote wawili!"

Oyone akamchora Sayo, akaizungushia picha uzio wa waya. Moto wa kwanza, Sayo aliyesimama kando akapotea miguu, ikanasa mtungini. Zimwi likazunguka tanuri. "Bado?"

"Bado."

Moto wa pili, akapotea mpaka shingoni. "Bado?"

"Bado."

"Mama, fanya kitu!" kichwa kikalia.

Ndipo Oyone, ambaye hakuwahi kuharibu kazi, akaupinda waya kwa koleo, akaacha upenyo penye unyayo wa picha. Moto wa tatu, rangi ikachuruzika upenyoni, ikadondoka sakafuni, ikasimama: Sayo, mzima!

"Kazi mbovu!" zimwi likanguruma, likainama kuchungulia ule upenyo. Mtungi mtupu ukalifyonza lote, na Oyone akaubana waya.

Mpaka uzeeni mwake, mtungi ule ulitikisika rafuni ukiuliza, "Bado?"

Naye Oyone, bila kuinua macho, alijibu, "Bado."