Kura Iliyotoka Ndani ya Eda

Hapo zamani za kale, wanangu, tarehe nane mwezi wa Shaabani, saa moja asubuhi, Digidigi dume alikamatwa na Chui kwenye mto wa mbali. Alikwenda huko kuteka maji, kwa sababu bwawa la karibu Kiboko alikuwa amelikalia, hataki mwingine anywe.

Mkewe, Bi Digidigi, akakaa eda. Miezi minne na siku kumi asitoke nje. Kila asubuhi alitandika mkeka wa watu wawili, kisha akaukunja upande mmoja.

Mwezi wa pili wa eda, wanyama wakaamua kupiga kura. Jani bichi, bwawa liwe la wote. Jani kavu, liwe la Kiboko. Wasioweza kutoka watume majani yao, yamefungwa na kuzibwa kwa nta.

Hapo ubishi ukazuka.

"Kura ya kutumwa ni ya wizi," alinguruma Kiboko. "Anayetaka kuchagua aje kwa miguu yake."

"Na aliye edani je?" aliuliza Pimbi, jirani wa Bi Digidigi. "Na ndege wanaoatamia?"

"Waatamie kimya."

Wengi wakasema zitumwe. Kiboko akakubali kwa sharti moja: mbebaji awe Fisi, mpambe wake.

Bi Digidigi alijua kura yake ingetupwa njiani, na eda ikiisha yeye naye angeufuata mto ule ule wa Chui. Akamwomba Pimbi amkusanyie kura zote za waliofungiwa majumbani.

Ngo, ngo, ngo. Fisi akabisha hodi.

"Pole na msiba, shemeji. Umechagua jani gani?"

"Ni siri, shemeji," alijibu nyuma ya pazia. "Ila niambie, kura ya kumpa Kiboko bwawa ungeibeba vipi?"

"Kama yai."

"Na hizi za wenzangu? Sisi tunaokaa ndani huwaza mamoja."

Fisi akacheka, hi hi hii. "Kumbe mzee Kiboko anawaogopa bure. Lete zote."

Nyayo zake zikapotelea mbali. Nyumba ikarudia ukimya wake.

Alasiri Pimbi akaja anahema.

"Bibi wee, Fisi alimnong'oneza mzee. Mzee akasimama mbele ya watu: kura za kutumwa ni halali, asiziguse mtu, zihesabiwe. Na za waliofika zilikuwa zimelingana."

"Halafu?"

"Zikafunguliwa, ta, ta, ta. Zote mbichi."

"Kiboko alisemaje?"

"Aseme nini, naye mwenyewe ameshazihalalisha? Ameondoka bwawani anatiririka maji."

Bi Digidigi akageuka amsimulie mumewe. Hakukuwa na mtu.

Wanangu, mwenye nguvu huiita haki pale tu anapodhani itamfaa.

Pimbi alipokwenda zake, mjane akainua mikono polepole. "Ewe Mola, mrehemu mume wangu. Msamehe makosa yake, na umnyweshe huko aliko maji aliyonyimwa hapa. Amina."