Dawa ya Mkono wa Kulia

Kaeni vizuri wala msisinzie, kwa kuwa hadithi hii ilifika kwetu bila mwisho, na atakayetakiwa kuimalizia ni mmoja wenu.

Katika kituo cha utafiti wa dawa cha Kwelungo, juu milimani, walikuwako vijana watatu, na kila mmoja alijaliwa kipawa chake. Singano alijaliwa jicho. Ukimwonyesha konokono, angekuambia kabla hujamaliza kuuliza kama gamba lake limejisokota kwenda kulia au kushoto. Nakijwa, binti pekee kati yao, alijaliwa majina. Kila kitu kilichotoka chupani alikipa jina lake kamili la kikemia, jina refu lililopangwa kwa kanuni, ambalo mwenye kulielewa angeweza kukijenga kitu chenyewe upya pasipo kukiona. Mhina alijaliwa kujua mikao. Alisema molekuli hazikai kama mawe; hujikunja na kujinyoosha, mara hutulia kama kiti, mara hupinda kama mashua. Alitembea na vijiti na vidonge vya udongo mfukoni, akivigeuzageuza hata mbele ya sahani ya chakula.

Metroni Namvua Shekalaghe, mkuu wa wodi ya kituo, aliwapenda wote watatu. Mhina alikuwa mwana wa dada yake, na Metroni alijua kwamba watu hawalisahau jambo kama hilo.

Siku ya Jumatatu, tarehe 6 Aprili 1981, mvua za masika ziliporomosha upande mzima wa mlima, barabara ikafukiwa. Juma lile lile kikaingia kikaza. Kikaza kilianza kwa kidole kidogo kukataa kukunjika; kikapanda mkononi, kikafunga taya, na mwisho kikafunga pumzi. Dawa yake zamani ilitolewa katika maganda ya mti uitwao mkweta, lakini mikweta ya mlima ule ilikwisha kukatwa yote. Ikabidi dawa itengenezwe maabarani, na hapo ndipo hatari ilipojificha.

Molekuli ya dawa ile ina kaboni moja yenye majirani wanne wasiofanana. Majirani hao hupangika kwa namna mbili, nazo hufanana kama mkono wa kulia unavyofanana na wa kushoto: kila kidole kipo, lakini glavu ya huu haiuingii ule. Mti huumba mkono mmoja tu, ule wa kulia, nao huponya. Chupa ya maabara haijui kulia wala kushoto. Hutoa yote mawili nusu kwa nusu, yamechanganyika katika unga mmoja mweupe. Na ule wa kushoto husimamisha moyo wa binadamu.

Kwamba ule wa kushoto huua, hawakujua bado. Sungura wa kituo walinyweshwa unga ule wakaendelea kurukaruka. Daktari Mbelwa, mkuu wa kituo, akasema, "Hata ikiwa nusu yake tu ndiyo dawa, nusu si haba. Watoto hawatungoji." Lakini alikuwa muungwana, hakutaka kumpa mtoto kitu ambacho yeye hajakionja. Akakinywa asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 17 Aprili, mbele ya wafanyakazi wake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Metroni. Mapigo yalisimama chini ya vidole vya Namvua wakati mzee yule alikuwa bado anaomba kiti akae.

Baada ya hapo hakuna aliyezungumza kwa sauti ya juu pale Kwelungo. Vitanda vilizidi kujaa.

Singano ndiye aliyetangulia. Aliuyeyusha ule unga, akauacha ugande polepole katika ukumbi wa baridi wa nyuma, hata ukafanya fuwele kubwa za kutosha kuonekana kwa lenzi. Kila fuwele ilikuwa na ubapa mdogo ulioinama pembeni, nyingine kulia, nyingine kushoto. Mwingine angetazama asione chochote. Yeye alishika kibano, akazitenga moja moja, siku hadi siku, mpaka shingo ikagoma kunyooka na kidole chake kidogo kikaanza kukakamaa. Mwishowe yalikuwapo mafungu mawili mezani.

"Haya, viatu vya mguu huu huku, na vya mguu ule kule," alisema.

"Lipi linaloponya?" Namvua aliuliza.

"Metroni, mimi niliombwa kutenga viatu. Mwenye miguu simjui."

Nakijwa akashika zamu yake. Vitabu vilisema kwamba inayoponya ni ile yenye jina la kulia, lakini fungu halina kibandiko. Singano alichukua chembe za fungu moja, akapitisha mwanga katika bomba la shaba la kupimia, akaona mwanga umegeuka kuelekea kulia.

"Basi tumemaliza!" akasema. "Hili ndilo la kulia."

"Kaa chini wewe," Nakijwa alimjibu. "Mwanga haufuati majina. Zipo nyingi zenye jina la kulia ambazo huugeuza mwanga kushoto. Umetoka kuzika mtu juzi, unataka kuzika na mtoto?"

Jina, aliwaeleza, hutafutwa hivi: majirani wanne hupewa vyeo kwa uzito wa atomu zao, wa cheo cha chini kabisa huelekezwa nyuma, na watatu waliobaki huhesabiwa kutoka cheo cha juu kushuka. Wakizunguka kama mishale ya saa, jina ni la kulia. Lakini nani amewaona majirani hao kwa macho? Kwa hiyo aliivunja dawa ile hatua kwa hatua, akiwabadili majirani bila kukigusa kitovu chenyewe, ile kaboni ya katikati, mpaka akaifikisha kwenye asidi ambayo mkono wake ulikwisha kujulikana miaka mingi. Alifanya kazi hiyo juu ya moshi uliomchoma kifua. Ilipotoka, asidi ile ilikuwa na jina la kushoto.

Singano alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. "Umeona! Fungu hili ndilo lililomuua Daktari!"

"Nimeona kukuzidi. Kitovu sijakigusa. Jirani mmoja ameongezewa oksijeni, akapanda cheo akampita mwenzake. Hesabu imegeuka, mkono haukugeuka. Fungu hili ndilo linaloponya."

"Na ukiwa umekosea?"

Nakijwa alikunja vidole vyake. Viwili havikukunjika. "Nikiwa nimekosea, mtaniambia kaburini," alisema.

Namvua alidhani kazi imekwisha, akanyoosha mkono achukue fungu lile. Mhina akamzuia.

"Bado, mama mdogo. Hii haiui wala haiponyi. Ni kama kumnywesha mtu chokaa."

Akatoa vijiti vyake. Alimwonyesha pete ya kaboni iliyotulia kama kiti, na mikono miwili, yaani matawi ya pete yenyewe, iliyojinyoosha pembeni, kila mmoja ukielekea kwake. Dawa huwa dawa pale tu mikono hiyo inaposhikana ikafanya daraja. Waliokwisha kujaribu kuilazimisha kwa moto waliiunguza. Katika dawa yenyewe, Mhina alimpachika jirani mnene, kundi kubwa la atomu, upande wa pili wa pete. Mnene yule hakuweza kukaa wima kwa kubanwa. Akatafuta nafasi pembeni, na ili aipate, pete nzima iligeuza mkao wake. Mikono miwili ikasimama wima upande mmoja, ikakutana, ikashikana. Kisha Mhina akamwondoa yule mnene pole pole. Kazi ile ilimweka karibu na vitanda vya wagonjwa, penye jiko pekee lililofaa, na huko ndiko kikaza kilikompata.

Kikombe cha kwanza alipewa mtoto wa mlinzi wa lango. Metroni alishika mkono wake mdogo, akihesabu mapigo kwa hofu ile ile ya Ijumaa Kuu. Alasiri mtoto alikunja kidole, akaomba uji. Kikombe baada ya kikombe, wodi ilianza kunyanyuka.

Jumamosi, tarehe 25 Aprili, fungu la kulia lilikuwa limekwisha. Lilibaki lile la kushoto, jeupe na zuri vile vile, juu ya meza ile ile. Mkononi mwa Namvua palikuwa na kikombe kimoja, cha mwisho, na mbele yake vitanda vitatu vya vijana wale.

Kukigawa hakukuwezekana, nusu ya kipimo haikumponya mtu. Kungoja hakukuwezekana pia, kwa kuwa daraja lile hufunguka ndani ya maji, na maji yakianza kuwa na ukungu, dawa imekwisha kuwa chokaa. Kutengeneza nyingine kulihitaji mikono iliyokuwa imekakamaa juu ya shuka. Na ng'ambo ya bonde, vijiji viwili vilikuwa vimetuma habari kwamba vidole vya watoto wao havikunjiki.

"Metroni, usinitazame hivyo," alisema Singano kutoka kitanda cha kwanza. "Utadhani fundi wa majeneza anapima kimo."

"Semeni wenyewe," Namvua aliwaomba. "Mimi sitaki kuamua."

"Basi nisikilize. Bila mimi, kila kikombe kingekuwa na kifo nusu kwa nusu. Na jicho halifundishiki. Nikifa, vijiji vile mtavitengea nini?"

"Lenzi kubwa na mtu mvumilivu," alisema Nakijwa, sauti yake ikikwama kwenye meno. "Bila mimi, mafungu yako mawili yangekaa mezani mpaka leo, na ungeanza kwa kumnywesha mtu lile lisilofaa. Nilikushika kanzu mara mbili."

"Majina yamo vitabuni."

"Siku ile uliporuka, kitabu kilikuambia nini?"

Singano alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Amenishinda. Metroni, mpe..." Akakitazama kikombe. "Hapana. Nilitaka kusema mpe yeye, ulimi umekataa. Nisamehe, Nakijwa."

"Nami sitakudanganya," alijibu. "Nataka kuishi."

Katika kitanda cha tatu, taya la Mhina lilikuwa limefungwa tangu alfajiri. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa juu ya vijiti vyake, na macho yake yalikuwa yamemkazia mama yake mdogo. Namvua aliinama karibu naye. Aliyatazama macho yale aliyoyajua tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza hakuweza kujua kama yanaomba au yanakataa. Bila kijana huyu, jicho na jina vingezaa unga mtupu. Lakini akimpa, watasema amempa mwana wa dada yake. Akimnyima, je, atakuwa amemnyima kwa haki, au kwa kuogopa maneno ya watu? Na dada yake atamwambia nini?

Aliinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha. Chini kabisa, utando mwembamba wa ukungu ulikuwa umeanza kupanda.

Wasikilizaji, mmoja alitenga, mmoja alitambua, mmoja alifunga daraja. Na hakuna hata mmoja ambaye ungemwondoa ukabaki na mtoto mmoja hai pale wodini. Metroni amesimama katikati ya vitanda vitatu, na maji yanazidi kuwa meupe. Je, kikombe kile kingekuwa mkononi mwako, ungekipeleka kitanda kipi?