Mahali pa Picha ya Bikira

Karakana ya Zorka ilikuwa Stafford, kusini-magharibi mwa Houston, kuta zake zote zimejaa picha za watakatifu. Zorka alikuwa mbunifu wa mavazi wa jamii ya Waromani, watu waitwao pia Wajipsi, na mavazi yake yalizaliwa na picha hizo: makoti yenye miali ya dhahabu mabegani, vilemba mfano wa taji la Bikira Maria. Watu waliyastaajabia, isipokuwa mama yake mzazi. Kwa bibi huyo, vitu vitakatifu havikuwa vya kuchezewa, na kwa miaka mingi hakukanyaga kwenye maonyesho ya binti yake.

Safari hii moyo wake ulilainika. Alimpa Zorka kitambaa alichokitarizi kwa mkono wake, sura ya Bikira kwa nyuzi za fedha, kazi yake ya mwisho kabla macho hayajaingia ukungu. Akaahidi kufika kwenye maonyesho ya Fort Worth kuliona gauni litakalokibeba. Zorka alilia kwa furaha. Akamkabidhi mshonaji wake Esperance gauni la buluu lililobakia kupachikwa picha hiyo. “Iweke mahali pa heshima,” alimwambia, kisha akatangulia Fort Worth kuandaa ukumbi.

Esperance alikuwa fundi aliyebobea. Kule Uvira, Kongo, alikuwa na karakana yake na wanafunzi sita. Vita vikampokonya vyote. Sasa siku za kazi alifunga maboksi ghalani, na Jumamosi tu, mbele ya cherehani ya Zorka, ndipo alipojiona mtu tena. Aliipima picha kifuani, akaona inabanwa. Akawakumbuka akina mama wa parokia yake siku ya Bikira, wamejifunga vitenge vyenye sura yake mapajani, wakicheza mpaka vumbi linatimka. Akaishusha picha kwenye sketi. Ilikaa ikapendeza.

Mwatumu, Mtanzania aliyeshona naye, alisita, akamwita kwa jina la mwanawe. “Mama Carmel, ungempigia Zorka kwanza. Au m-text tu, dakika moja.”

“Eh, dada! Miye nilishona robe za mariage, nguo za arusi, miaka makumi mbili,” akajibu Esperance. “Leo niulize picha inakaa wapi, sawa mwanafunzi? Atasema sijui kazi.”

Mwatumu akarudi kwenye kazi yake, maana sikio la mwenzake lilikwisha kuzibwa na kiburi. Esperance akashona mishono midogo midogo, huku akisali rozari. Kwa ufundi, kazi ile haikuwa na doa.

Kesho yake aliendesha gari mwendo wa saa nne hadi Fort Worth, gauni amelilaza kiti cha nyuma. Katika chumba cha kuvalia, Zorka alifungua mfuko, akatoa macho. Kabla hajatamka neno, mama yake alikwisha kusogea na kulipapasa gauni. Vidole vikaitambua kazi yake, vikatambua na sketi. Bibi akaurudisha mkono kama aliyeungua.

Ndipo Esperance alipoelezwa. Katika ukoo wa Zorka, vya juu ya kiuno na vya chini ya kiuno havichanganywi, maana vya chini huhesabiwa najisi. Hata kufuliwa, hufuliwa mbalimbali. Sura ya Bikira iliyoshonwa kwenye sketi ilikuwa imekwisha kunajisika.

“Nitafumua sasa hivi,” Esperance akasema. “Nitairudisha kifuani.”

“Hairudi,” Zorka akajibu kwa sauti kavu. “Na mama haoni tena hata atarizi nyingine.”

Esperance akapiga magoti. “Ni mimi, bibi. Zorka hakujua. Kwetu hiyo ni heshima, nami nikadhani ni hivyo kila mahali.”

“Najua hukukusudia ubaya,” bibi akasema taratibu. “Lakini binti yangu alikuwa na simu mkononi siku nzima. Kwa nini hukumuuliza?”

Bibi akaomba arudishwe nyumbani, wala hakuyangoja maonyesho. Gauni la buluu halikupanda jukwaani jioni ile, na Zorka aliwapungia watu mkono huku akikitazama kiti kitupu cha mbele. Hakumfukuza Esperance kazi. Wema huo ulimchoma Esperance kuliko matusi, kwani alijua alichokitupa: alikwepa kuonekana hajui kwa dakika moja, akampokonya mwenzake baraka aliyoingojea miaka yote. Kweli wahenga walinena, kuuliza si ujinga.