Harusi Iliyonenepa Ndani ya Kompyuta

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na bwawa.
Lijae.
Na bwawa lina mwenyewe.
Ashibe.
Asiposhiba je?
Tumpishe apite.

Basi mwenyewe alikuwa Kiboko. Nguvu anazo, tumbo analo, na kompyuta anayo peke yake bonde zima. Umeme aliutoa wapi? Ngano haidaiwi umeme, sikilizeni.

Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Mtu akioa, Kiboko anakuja na kamera, anapiga, anaingiza kwenye kompyuta, na humo ndimo harusi inabaki. Mwenye harusi akitaka kuiona, alete mzigo wa nyasi. Akitaka tena, mzigo tena. Mke wa Kicheche alikuwa amekata nyasi misimu mitatu ili amwone marehemu mama yake akicheza ngoma kwenye harusi yao, na mgongo umeshapinda.

Siku hiyo Kiboko alikuwa amechanganyikiwa. Jumamosi Tembo anamwoza binti yake, na Tembo ameshasema asipoiona harusi hiyo kwenye kioo, bwawa atalikanyaga liwe tope. Na kompyuta imejaa. Juzi ilikuwa na nafasi, jana kidogo, leo haina. Kiboko akahesabu harusi zake: arobaini. Akahesabu tena: arobaini. Harusi arobaini hazijazi hata nusu ya mashine. Nusu ya pili imekwenda wapi? Akatazama nyuma ya mashine. Akatazama chini yake. Akainusa. Akaitikisa, kwacha kwacha, labda kitu kitaanguka. Hakikuanguka kitu.

Akamwita Kicheche, ambaye ni fundi, tena mdogo hata akifanya kazi hukaa juu ya vibonye.

Kicheche akabonya, tak tak tak, akaliona tatizo kabla hajakaa sawasawa. Kiboko alikuwa na tabia ya kujipiga video akioga. Kila siku anajipiga, anajiona mnene, anaifuta. Lakini alichofuta kilikwenda kwenye kapu la taka mumo humo ndani ya kompyuta, na kapu hilo halijamwagwa tangu mashine ije. Kilichofutwa hakionekani tena, ila nafasi bado kimeikalia.

Kicheche akalificha hilo. Akakuna sikio, akashusha pumzi kama mganga.

"Mzee, humu kuna harusi inanenepa."

"Inanenepaje?"

"Wageni wanakula pilau, Mzee. Umewafungia humo na masufuria yao. Wanakula, hawatoki. Harusi moja imevimba, ila sijui ni ipi."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake si kazi ndogo, hata vyura walinyamaza. Akauliza ifanyweje. Akaambiwa harusi zitolewe mojamoja, kila inayotoka apewe mwenyewe kwenye flashi aende nayo mbali, kisha watazame kama nafasi imerudi. Kiboko akagoma, kilichoingia kwake hakitoki. Kicheche akasema si neno, basi amsalimie Tembo.

Wakaanza.

Wakatoa harusi ya Swala. Swala akapewa flashi, akaondoka mbio. Kicheche akafuta, tak. Kiboko akatazama. Imejaa.

Wakatoa harusi ya Nungunungu. Nungunungu akapewa flashi, akaondoka mbio. Kicheche akafuta, tak. Kiboko akatazama. Imejaa.

Wakatoa za Kobe, aliyeoa mara nne. Kobe akapewa flashi, akaondoka kama awezavyo. Tak, tak, tak, tak. Imejaa.

"Natoa na haipungui," akasema Kiboko. "Mbona natoa na haipungui?"

"Ndiyo ujue ilivyonenepa, Mzee."

Kufika adhuhuri ikabaki moja, ya Kicheche mwenyewe. Akainamisha kichwa, akaihamishia kwenye flashi yake, akafuta, tak. Kisha kwa kidole kingine, polepole, akalimwaga lile kapu la taka.

Pwaaa. Nafasi ikarudi yote.

"Kumbe ni ya kwangu, Mzee," akasema kwa aibu. "Ukoo wa mke wangu unakula sana. Nisamehe."

Kiboko akafoka kwamba huo ni ukosefu wa adabu, kumjazia mtu mashine. "Iondoe bwawani kwangu. Nisiione tena."

"Nitaiondoa, Mzee."

Akaiondoa. Siku hiyo mke wake hakukata nyasi. Alichomeka flashi kwenye simu, akamwangalia mama yake mara saba, akasema kumbe alikuwa hajui kucheza.

Jumamosi harusi ya Tembo ikapigwa, ikaenea, na Tembo akaichukua hapohapo, maana nani atamdai Tembo nyasi? Bwawa likapona. Jumatatu Kiboko akakaa kungoja mizigo yake. Hakuja mtu. Akamfuata Nungunungu kwake.

"Nyasi za nini, Mzee?" akasema Nungunungu. "Harusi ninayo. Naiangalia kwenye simu nikila."

Kiboko akarudi, akafungua kompyuta. Nafasi tele. Akahesabu harusi: hakuna. Sasa nafasi yote hii ni ya kuweka nini? Akafungua mdomo aulize, akakosa wa kumwuliza, tena akasahau na swali. Mdomo ukabaki wazi. Mpaka leo ukimkuta majini ameachama, na nyasi anajifuatia mwenyewe.

Ngano imefika ukingoni. Aliyesinzia amwulize jirani yake, naye amdanganye.

Na funzo, maana najua mtalidai: fundi akikuomba radhi kabla hujamshika, huyo ni mkweli. Mwamini, na ukiweza mwongezee chai.