Kicheche Aliyejiita Mtani

Hapo zamani za kale, wanangu, kompyuta zilipokuwa nene kama mimi, wanyama waliishi humo ndani na nyumba zao na majiko yao.

Katika kompyuta yangu, Tembo ndiye aliyetunza ghala la picha. Nimezunguka miji mingi, na nusu ya picha zangu ni kidole gumba changu mwenyewe. Lakini ilikuwamo moja ya marehemu mama yangu akicheka. Nyingine kama hiyo sina.

Siku moja, ngo ngo ngo.

"Nani?" akauliza Nyati, mlinzi wa mlango.

"Faili dogo tu, mjomba," akajibu Kicheche, amejiviringisha katika karatasi ya zawadi. "Mimi ni mtani wa Tembo. Nimemletea picha za harusi."

Nyati akakuna pembe. Mtani hazuiwi. Huingia, hula, hata akichukua kitu mwenye nyumba hucheka tu.

"Tembo, njoo, mtani wako huyu."

"Unifungulie kwa mkonga wako mwenyewe," Kicheche akasema. "Nikifunguliwa na mlinzi nitajiona mgeni."

Tembo akafungua. Ndani ya karatasi hamkuwa na harusi wala bibi harusi.

"Nimekupata," akasema Kicheche. Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga kelele, pwata pwata.

Lakini Kicheche hakurudi kwao. Akavaa aproni, akajiita msaidizi wa jikoni. Akajizidisha, pu, pu, pu, kila chumba Kicheche. Akamwambia Jogoo, aliyeamsha nyumba kila kompyuta ilipowashwa, "Ukiwika, anza na jina langu." Akamlisha Nyati uji mzito mpaka mlinzi akasinzia. Kisha akatoboa ukuta, akawa anampitishia bosi wake wa nje barua zangu.

Kompyuta ikawa nzito. Mimi nikaipiga makofi, nikidhani imezeeka pamoja nami.

Asubuhi moja Tembo akakuta ghala limefungwa kwa kufuli.

"Utani tu, mzee," akasema Kicheche. "Jioni nazichoma picha zote."

"Hata ya yule mama?"

"Naanza na hiyo."

Tembo akalia. Jirani yake Sange, mdogo kama ngumi, mwenye pua kama mkonga uliosahau kukua, akasikia.

"Mbona unalia? Kama ni mtani, ataniwe."

Akamfuata Kicheche jikoni. "Ndugu yangu, unanuka mpaka nzi wamehama mtaa."

"Unanitukana?"

"Nakutania. Na aproni hii nzuri, naichukua." Chwap. Akakimbia nayo, na ufunguo wa ghala ukilia mfukoni mwa aproni, kli kli kli.

"Rudisha, mwizi wewe. Nitakuua."

Nyati akafungua jicho moja.

"Mtani gani huyu asiyetaniwa?"

Akainuka. Chumba kwa chumba, gubu, gubu, kila Kicheche akatupwa nje. Jogoo akaliacha lile jina, tundu likazibwa, na Sange akafungua ghala.

Tembo akaikuta picha mahali pake. Akainamisha kichwa kikubwa mpaka sakafuni, mbele ya miguu ya Sange.

"Ahsante, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nacheka huku naibiwa."

"Inuka, bwana, unanizibia mlango."

Nami kila nikiiona picha ile, namshukuru Sange kabla sijanywa chai.

Basi wanangu, anayejiita mtani mtanieni kwanza, ndipo mumfungulie mlango.