Chungu cha Pimbi na Jabali la Kuanikia

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kujipikia uji wao wenyewe, palikuwa na jabali moja pana la kuanikia ulezi. Sheria yake ilikuwa fupi: aliyeanika haondolewi, akishaanua, zamu yake imekwisha, ampishe mwingine.

Nyati na mpwa wake Fisi wakaanika. Ulezi wao ukakauka kau, lakini hawakuanua. Kila asubuhi waliugeuzageuza kidogo, wakasema, "Bado mbichi huu."

Chini ya jabali, ulezi wa Pimbi na majirani zake ulikuwa vikapuni, ungali mbichi, umeanza kunuka.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "huu ukiota kuvu, wanangu watakula nini? Mawe?"

"Mawe tunayo tele," Pimbi akacheka. "Subiri kwanza, mke wangu."

Sasa sikilizeni vizuri, wajukuu. Pimbi alikuwa na chungu chake pangoni. Mdomo wa chungu hicho aliufunika kwa ngozi nyembamba, akauziba kwa nta, hewa isiingie wala isitoke. Hewa ina uzito, ingawa hatuioni. Ya nje ikiwa nzito, huikandamiza ngozi ikabonyea, na siku huwa kavu. Ikiwa nyepesi, hewa iliyofungiwa chunguni huisukuma ngozi juu, ikafura. Basi mawingu hujikusanya, mvua ikanyesha. Ndiyo maana Pimbi hakuwahi kunyeshewa hata mara moja.

Kesho yake asubuhi alikitoa chungu pangoni, akapita nacho mbele ya Nyati, akijifanya anakificha kwapani.

"Wewe, mfupi kama kisigino! Unaficha nini?" Nyati akauliza.

"Si kitu, mjomba. Chungu tu."

"Chungu gani kinavaa ngozi?" Fisi akauliza. "Kinaona baridi?"

"Jamani, msininyang'anye! Hiki ndicho huniambia habari za mvua. Ngozi ikifura, mvua inakuja. Ikibonyea, ni jua."

Nyati akakipokonya, pwa! "Kuanzia leo ni changu."

"Sawa, mjomba, lakini kinatakiwa kukaa—"

"Funga mdomo! Kisigino hawezi kunifundisha kazi."

Pimbi akafunga mdomo. Akateremka taratibu, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Nyati akakiweka chungu katikati ya jabali, juani, apate kukiona vizuri. Jua likapanda. Jabali likawa moto kama kikaango.

Pu... puu... Ngozi ikaanza kuinuka.

"Fisi! Njoo uone! Inafura!"

"Lakini mjomba, mbingu nyeupe. Hakuna wingu hata la dawa."

"Wewe na chungu, nani anajua mvua?"

Puuu! Ngozi ikawa kama kitambi cha bwana harusi.

"Gharika hiyo! Anua! Anua!"

Chwa! chwa! chwa! Wakafagia ulezi wote, wakajaza magunia, wakakimbia nayo pangoni mwao, gubu, gubu, gubu! Wakaziba mlango kwa majani, wakatulia wakingoja radi.

Wakangoja. Jasho likawatoka.

Huko jabalini, Pimbi na majirani zake Kanga na Digidigi walikwisha kufika na vikapu vyao. Shaaaa! Ulezi ukatandazwa kutoka ukingo hadi ukingo.

Nyati akachungulia nje. "Mvua imekatika?"

"Mvua ipi, mjomba?" Pimbi akajibu kutoka jabalini.

"Ondokeni hapo!"

"Aliyeanua amemaliza zamu, mjomba. Sheria uliikuta."

"Chungu chako kimesema uongo!"

"Hakijasema uongo. Kinapima hewa ya nje, nawe umekianika juani, ukaipasha hewa ya ndani. Ikatanuka, ikaisukuma ngozi. Mimi hukiweka pangoni, ndani kabisa, jua lisikofika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza, mjomba, ukaniamuru nifunge mdomo. Nami nimelelewa kutii wakubwa."

Fisi akaangua kicheko, hii-hii-hii, akajiviringisha mpaka akamlalia mjomba wake mkia. Nyati alitaka kukasirika, lakini akatazama magunia yake, akatazama mbingu, naye akashindwa kujizuia kucheka.

Ulezi ukakauka, ukasagwa. Jioni, kwa Pimbi, watoto walikuwa wakigombea kukomba sufuria.

Wajukuu, nguvu zinaweza kunyang'anya chombo, lakini haziwezi kunyang'anya ujuzi wa kukitumia.